Nilivyoiteka Nyumba ya Mama Yohana

Yule binti aliyebandika notisi kwenye geti langu kule Mkonze, kama na wewe unasoma haya, usijifiche nyuma ya wenzako. Sina ugomvi na wewe, mwanangu. Gundi uliweka nyingi mno, lakini notisi ilikuwa halali. Nitakufikia mwishoni. Kwanza niacheni niseme na ninyi wote mnaoingia sasa kwenye kazi niliyoifanya mpaka magoti yakakataa: kazi ya bibi afya, ya kuzunguka mitaa ya Dodoma ukichungulia vyoo vya watu, mitaro ya watu, na nyumba za watu ambazo wenyewe hawamo.

Mimi ni Mhehe. Nasema mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Wagogo na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri kutukanana kuliko kuchomana mikuki, na tumeendelea hivyo hadi leo. Nilipoletwa hapa na ajira, nikiwa bado msichana, kila mtaa nilioingia kuna mtu alipaza sauti, "Fungieni mbwa, Mhehe kaja!" Nami namjibu, "Tulia, leo nimeshiba. Wewe mbona uko nyumbani, leo hakuna wa kumwomba?" Wao hutusingizia kula mbwa, sisi tunawasingizia kuombaomba. Tunacheka, napewa kigoda, kazi inaanza. Wenzangu waliotoka kwingine walikuwa wanaanza na hotuba. Hotuba, jamani, mbele ya mtu anayepalilia karanga zake! Wakaishia kufukuzwa na kuku.

Sasa tuje kwenye magofu. Watu hudhani gofu halina mwenyewe. Uongo mtupu. Kila gofu lina mwenyewe, na mara nyingi wako zaidi ya mmoja. Lakini ukifika mtaani ukauliza, "Nyumba hii ya nani?", hupati kitu. Mtaa mzima utakuwa umehamia jana. Hata mjumbe wa nyumba kumi atakuna kichwa. Mimi nilikuwa natoa futi kamba mkobani, naishikiza ncha kwenye kona ya ukuta, navuta polepole kuelekea kona ya pili, kimya. Basi! Kabla sijafika katikati wameshatokea mjomba wa mwenye nyumba, shemeji wa mwenye nyumba na dalali wa mwenye nyumba. Na serikali ilipohamia hapa viwanja vikapanda bei, weee, magofu yaliyokuwa yatima miaka nenda miaka rudi yakapata baba watatu watatu.

Halafu angalieni kufuli. Kufuli lililoota kutu mpaka tundu likaziba, mwenyewe yuko mbali, au amekata tamaa. Lakini ukikuta nyumba imeoza, nyasi zimefika dirishani, na kufuli limepakwa mafuta, simama hapo hapo. Kuna mtu anakuja. Mtu huyo bado anaipenda hiyo nyumba, ila kuna jambo linamzuia kuingia. Huyo msimtishe na notisi. Mtafuteni mkae naye. Ninyi mna simu zinazoonyesha paa kutoka juu kama mko kwenye ndege, na mimi nawapongeza kwa moyo wote, maana nilizunguka na baiskeli iliyonitoa roho. Lakini mafuta ya kufuli hayaonekani kutoka juu.

Nyumba ya Mama Yohana ilikuwa ya namna hiyo.

Mama Yohana alikuwa mjane wa Kigogo aliyeishi nyuma ya soko, akiuza karanga na mlenda mkavu. Mimi na yeye tulipendana kwa kugombana. Kila nikienda kumkagua choo, anasimama mlangoni na mikono kiunoni: "Bibi afya, choo changu unakichungulia kila mara, umesahau nini humo?" Nikimwambia mfuniko umepasuka, ananiambia, "Utakuwa umepasuliwa na macho yako." Halafu ananifungia karanga kwenye gazeti. Nilikuwa najifanya nakataa, kwa sababu ya kazi, naye anazitumbukiza kwenye mkoba wangu huku ananitukana kabila zima.

Akafariki nikiwa likizo Iringa. Niliporudi nikakuta nyumba imefungwa, nikajua wanawe wamemaliza msiba wakarudi makwao. Alikuwa na watoto wawili tu: Yohana, mkubwa, mkulima wa uwele na alizeti kule Haneti, na Debora, mdogo wake, anayeuza mbuzi mnadani Chemba. Msimu ukapita, na mwingine, na mwingine. Ile nyumba ya tofali mbichi ikaanza kunyeshewa na mvua, bati moja likaondoka na upepo, na ukuta wa upande wa njia ukavimba tumbo.

Njia hiyo ndiyo watoto wanayopita kwenda shule. Na ng'ambo yake, palepale ukuta ungeangukia, ndipo Bi Zuhura anapokaangia vitumbua. Bi Zuhura ni wa wale Waislamu wa mjini wa tangu na tangu, babu zake walikuja na misafara, hata jiwe la mtaa ule analijua kwa jina. Wahandisi wa ofisini kwetu wakaja, wakautazama ukuta, wakatikisa vichwa. Wakaamua hivi: wenyewe wakijitokeza, wabomoe ukuta ule uliovimba na kuujenga upya. Wasipojitokeza kabla ya mvua za kwanza, greda lisukume nyumba yote. Sikuwalaumu. Mvua ya Dodoma hukawia kama mkwe, lakini ikifika haibishi hodi, na chini ya ukuta ule kulikuwa na watoto wa watu.

Nikapewa kazi ya kuwatafuta wenyewe. Nikaenda kwanza na mgambo mmoja tufyeke nyasi za uani nyoka wasije wakazaliana. Katikati ya ua nikaona mafiga na lundo la majivu lililogandishwa na mvua, limekaa tu, kuku wanalizunguka. Kwa bibi afya, majivu uani ni taka. Nikamwambia mgambo, "Zoa hilo, tukamwage." Mama yangu! Bi Zuhura alivuka njia mbio, upawa mkononi, mafuta yanadondoka, anapiga kelele utadhani nimeua. "Usiguse! Usiguse, hayo ni majivu ya msiba!" Mgambo akaangusha koleo. Mimi mwenyewe nikaruka nyuma.

Hapo ndipo nilipoelezwa. Kwa ukoo wa Mama Yohana, moto wa matanga ukiwashwa uani hauzimwi ovyo. Siku ya mwisho watoto wote wa marehemu wanazoa majivu pamoja, kisha mtani anafagia nyumba kuanzia chumbani hadi kizingitini, anapewa kuku wake, na mlango unafunguliwa. Kabla ya hapo msiba haujaisha. Hakuna mtoto wa kulala mle ndani, wala wa kukarabati, hata mwiko wa marehemu haugusi. Na siku hiyo ya mwisho haikufika, kwa sababu Yohana na Debora walikorofishana kaburini, Debora akaondoka na miguu yake, na moto ukajifia wenyewe.

"Na hilo kufuli?" nikamuuliza Bi Zuhura. "Nani analipaka mafuta?"

Akacheka, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Wote wawili, bibi afya. Yohana akileta alizeti mjini anapita, anapaka, ananiambia nisimwambie Debora. Debora naye anapita kwa siku yake, anapaka, ananiambia nisimwambie Yohana. Na huyo Debora ufunguo hana. Anapaka tu."

Nilirudi ofisini kuaga. Kesho yake nikapanda basi la Haneti.

Yohana nilimkuta anapepeta uwele. Akaniona, akaita kwa salamu yetu ya Kihehe, "Kamwene! Mwanangu, mfungie Simba ndani, huyu mama atamla!" Simba ni mbwa wake, mkondefu mpaka huruma. Nikamwambia mbwa huyo hata njaa ikinishika siwezi, ni mifupa mitupu. Tukacheka, nikapewa uji. Nilipotaja nyumba ya mama yake, cheko likaisha.

"Mtani, mimi ndiye mkubwa," akasema. "Siku ile mvua ya usiku ilikuwa imekata barabara ya Chemba. Maiti amelala, jua kali, wazee wanasema tuzike. Ningefanyaje? Nikazika. Debora anafika, ananiambia mbele ya watu kwamba nimemficha mama. Mimi! Aje yeye anitamkie neno, ndipo nifungue."

Nikaenda Chemba. Mnadani vumbi limefunika kila kitu, Debora ameshika kamba za mbuzi mkono huu, mkono mwingine anamnyooshea kidole mnunuzi. Akanisikiliza huku anatazama pembeni. "Nimekuta kaburi limeshafukiwa, mtani. Udongo bado mbichi. Uso wa mama sikuuona. Angengoja mpaka jioni tu, jioni tu! Aje yeye aniombe radhi, ndipo nikanyage pale." Mbuzi mmoja akamvuta, naye akamvuta kwa hasira mpaka mnyama wa watu akalia.

Nikawaambia wote wawili habari ya greda. Yohana alisema, "Basi libomoe." Debora alisema, "Basi libomoe." Neno kwa neno. Kwenye basi la kurudi nililia, sioni aibu kuwaambia. Wote wawili walikuwa na haki, na kwa haki zao nyumba ya mama yao ilikuwa inakwenda kusukumwa na greda, na wao wasingekuwa tena na uani pa kukutana. Mawingu nayo yalishaanza kukusanyika upande wa Kondoa.

Nilipomsimulia Bi Zuhura, aliendelea kugeuza vitumbua vyake, akasema bila kunitazama, "Wewe bibi afya umeshindwa. Sawa. Si una kazi nyingine? Wewe si Mhehe?"

Jamani, kama nilimwagiwa maji. Mtani kwenye msiba ana ruhusa ambazo hata mkuu wa mkoa hana. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza sauti, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anateka mali ya wafiwa mpaka waikomboe, na hakuna wa kununa. Akinuna mtu, watu wanamcheka.

Jumamosi nikavua sare, nikavaa kitenge na kofia kuukuu ya mume wangu, nikaazima mbwa kwa fundi viatu. Mbwa mkubwa, mvivu, hata kubweka hajui. Nikamfunga mlangoni kwa Mama Yohana, nikaweka kigoda mbele ya yale majivu, nikakaa. Nikamtuma Bi Zuhura apige simu mbili, zenye maneno yaleyale: "Mhehe ameiteka nyumba ya mama yenu. Amesema anafuga mbwa humo. Anayetaka kuikomboa aje leo, kesho anachinja."

Mtaa ukajaa. Watu walicheka mpaka wauza nyanya wakaacha meza zao. Mkuu wangu wa kazi alipita na pikipiki, akasimama, akanitazama mimi, akamtazama mbwa. "Mama, hii ofisi haijui utani," akasema. Nikamwambia, "Bosi, leo ni Jumamosi, ofisi imelala." Akatikisa kichwa, akanunua vitumbua, akabaki hapo hapo kutazama.

Yohana ndiye aliyetangulia kufika, na jogoo kwapani. Alikuwa anajitahidi kununa, mdomo unamsaliti. "Haya, Mhehe, chukua jogoo wako utoke kwenye nyumba ya mama yangu."

"Mama yako alikuwa na mtoto mmoja?" nikamuuliza. "Jogoo wa mkono mmoja sipokei. Kwenu jogoo wa mtani anatolewa na watoto wote. Au nimekosea, wazee?" Wazee wa Kigogo waliokuwepo wakaitikia kwa sauti moja kwamba sijakosea. Yohana akabaki na jogoo wake, hana pa kwenda.

Debora akashuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Akamwona kaka yake, akageuka kama anataka kuondoka. Nikasimama. Nikaweka mikono kiunoni, nikatoa sauti ya Mama Yohana, ile ya puani, ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi kuliko wimbo wowote:

"Debora! Unakuja kwangu unageukia mlangoni, umesahau nini huko?"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Debora akaganda. Nikaendelea, nikamtazama Yohana: "Na wewe, nimekuzaa mkubwa hivyo, jogoo unambana kwapani, huna mikono? Na nani anamwaga mafuta kwenye kufuli langu? Mafuta ya kupikia yote yamekwisha, mnakuja kwa zamu kama wezi!"

Hapo kicheko kikazima ghafla. Yohana akamtazama dada yake. "Na wewe unakuja kulipaka?" Debora akatazama chini, akatikisa kichwa kukubali. "Mimi nilidhani ni mvua ndogo ndiyo inayolilainisha," Yohana akasema, upumbavu mtupu, maana hata mtoto anajua mvua hutia kutu. Lakini hicho ndicho kilichomtoka. Debora akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akakaa chini mavumbini na mikono kichwani. Yohana akachuchumaa karibu yake, jogoo bado yuko kwapani. "Nilitaka kungoja," akasema. "Naapa nilitaka kungoja. Nilikaa njiani kukutazamia mpaka wazee wakaja kunichukua."

Sikumbuki nani alianza kushika bawa. Nakumbuka nilipokea jogoo mmoja kutoka kwenye mikono minne, na kwamba alinidonoa. Wakazoa majivu yao pamoja, na mikono mitupu. Yohana akafungua kufuli, likalia kidogo tu. Nikaingia na ufagio, nikafagia chumbani, nikafagia ukumbini, nikalitoa vumbi la marehemu mpaka nje ya kizingiti, huku nawatukana kwa uchafu wao, maana mtani akinyamaza atalia na yeye.

Ukuta uliovimba waliubomoa wenyewe kabla ya mvua, Yohana na nyundo, Debora anabeba tofali. Greda halikuja. Waliweka mafundi wakajenga upya upande ule, sasa Debora akilala mjini analala pale, na Bi Zuhura amehamishia vitumbua vyake barazani kwao. Nikawapa notisi ya mwisho ya maisha yao: mfuniko wa choo bado umepasuka.

Sasa nakufikia wewe, binti wa Mkonze.

Nilipostaafu nilijenga Mkonze na mume wangu. Alikuwa fundi redio, mtu wa maneno machache, asubuhi hukohoa mara mbili kabla ya salamu, hata watani zangu waliokuja kulala kwetu walimjua kwa hilo. Alipofariki, sikuweza kuivumilia ile asubuhi isiyo na kikohozi. Tulikwenda kumzika kwao Iringa, na mimi sikurudi. Nilifunga mlango siku ile tunaondoka na jeneza, nikakaa kwa mwanangu, kila mtu akiniuliza lini nasema mwezi ujao. Mimi, niliyewasumbua watu wazima kwa magofu yao! Nyasi zikafika dirishani. Tangi la maji likazaa mbu. Majirani wakalalamika, kama inavyopasa, na wewe ukaja ukabandika notisi yako, kama inavyopasa. Hukujua nyumba ni ya nani. Mjumbe alikuambia hajui, si ndivyo? Hukuwa na futi kamba.

Lakini Debora alipita, akaisoma. Kesho yake simu yangu ikaita. "Mtani, kamwene. Wagogo wameiteka nyumba yako. Njoo uikomboe."

Nilifika na basi la jioni. Getini kwangu kulikuwa na ng'ombe. Ng'ombe mzima, amefungwa kwenye nguzo, anatafuna maua yangu. Uani mlenda unachemka, Bi Zuhura amebebwa na miaka yake yote kwenye kiti, anaelekeza watu. Yohana amejipachika miwani kama ile ya mume wangu. Nikasimama hapo na mfuko wangu, siwezi kuvuka geti.

"Ng'ombe amepapenda," Debora akasema. "Tunataka kikombozi. Mbwa mmoja, aliyenona."

Na kabla sijajibu, Yohana, mbele ya mlango wa nyumba yangu, akakohoa mara mbili.

Nilicheka, wanangu. Nilicheka mpaka nikashikwa mabega, na machozi niliyoyabana tangu Iringa yakatoka yote pale uani, mbele ya ng'ombe wa watu. Debora akaniomba ufunguo kwa mkono, akaingia na ufagio, akafagia kuanzia chumbani, akinitukana kabila zima. Usiku huo nililala kwangu.

Notisi aliibandua yeye kwa kisu, lakini alama ya gundi yako bado iko getini. Mpaka rangi alitaka kuipiga, nikamkataza. Ukipita Mkonze, binti, hiyo ndiyo itakuonyesha nyumba. Ingia, mlango uko wazi na pamefagiwa. Ila kama unafuga mbwa, mwache kwenu.